Henry Thornton, Mtunza Hazina

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia habari za William Wilberforce, aliyeshindana miaka mingi katika Bunge la Uingereza, hata biashara ya watumwa ikakatazwa kwa sheria mwaka 1807. Lakini kazi kama ile haifanywi kwa ulimi peke yake. Hutaka fedha na hesabu, na mtu mwaminifu wa kuzishika. Mtu huyo alikuwa Henry Thornton, rafiki na jamaa yake Wilberforce, mwenye benki na mjumbe wa Bunge.

Alizaliwa tarehe 10 Machi 1760. Baba yake, John Thornton, alikuwa mfanya biashara tajiri, akikaa Clapham karibu na London, naye alijulikana sana kwa ukarimu wake. Henry alifundishwa biashara tangu ujana. Mwaka 1782 aliombwa asimame katika uchaguzi wa mji wa Hull, lakini alipotambua ya kuwa kila mpiga kura atazamia kupewa sarafu mbili za dhahabu, akajitoa. Mwaka uleule watu wa Southwark wakamchagua, ingawa alikataa kununua kura zao. Alikuwa na miaka 22. Akawa mjumbe wao muda wa miaka 32, hata kufa kwake. Hakuwa msemaji hodari, wala hakujifunga na chama chochote, bali wenzake walijua ya kuwa hupima jambo kwanza ndipo akasema.

Mwaka 1784 aliingia katika benki mjini London, na jina lake likawa mojawapo ya majina ya benki ile. Huko alijifunza jambo ambalo wengi hawakulifahamu. Mwaka 1793 vita na Ufaransa ilipoanza, watu waliingiwa na hofu, wakakimbilia kutoa fedha zao. Benki nyingi zikafunga milango, na benki yake mwenyewe ikawa karibu kuanguka. Mwaka 1797 hofu ikazidi, hata Benki ya Uingereza ikaamriwa isiwape watu dhahabu badala ya noti zao. Thornton akaitwa mbele ya kamati za Bunge aeleze mambo hayo, na mwaka 1802 akatoa kitabu juu ya fedha ya karatasi.

Mafundisho yake kwa ufupi ni haya. Noti ni ahadi tu, na nguvu yake ni imani ya watu. Wakati wa hofu, benki kuu ikizuia fedha ghafula, kila mtu huficha alicho nacho, biashara husimama, na maskini hukosa kazi. Basi wakati huo yafaa ikopeshe. Lakini ikitoa noti nyingi kupita kiasi, bei za vitu hupanda, na ahadi ile hupungua thamani. Mwaka 1810 alikuwa mmoja wa kamati ya Bunge iliyosema ya kuwa noti zimezidi. Mwaka uliofuata Bunge likakataa shauri lao, na noti hazikulipwa tena kwa dhahabu kama zamani mpaka mwaka 1821, naye amekwisha kufa. Hata hivi leo wataalamu wa uchumi husoma kitabu chake.

Mali yake mwenyewe aliitumia kama mtu aliyewekewa amana. Kabla ya kuoa, katika kila sehemu saba za mapato yake alitoa sita kwa maskini na kwa kazi njema. Mwaka 1796 alimwoa Marianne Sykes, wakapata watoto tisa. Tangu hapo alitoa theluthi au zaidi. Serikali ilipotoza kodi ya mapato wakati wa vita, aliona ya kuwa matajiri hawatozwi vya kutosha. Bunge halikumsikiliza, basi akalipa yeye mwenyewe, kimya kimya, kwa kiasi alichokiona ni haki.

Lakini si kila kazi yake ilinyoka. Mwaka 1791 iliundwa Kampuni ya Sierra Leone, na Thornton akawa mwenyekiti wake. Nia ilikuwa kuonyesha ya kuwa biashara halali yaweza kustawi Afrika pasipo kuuza watu. Mwaka 1792 watu weusi wapata 1,200 walifika huko kutoka Nova Scotia, wengi wao waliokuwa watumwa Marekani, wakajenga Freetown. John Clarkson, aliyewaongoza, alikuwa amewaahidi ardhi isiyo na kodi. Wakuu wa kampuni wakaitoza kodi. Mwaka 1793 watu wale wakatuma wajumbe wawili hata London kudai ahadi yao, wasipate haki. Mwaka 1794 Wafaransa wakauteka mji na kuuharibu. Mwaka 1800 baadhi ya wakazi wakaasi. Wakashindwa, na Isaac Anderson, mmoja wa wajumbe wale wawili, akanyongwa. Mwaka 1808 kampuni ikawa imepoteza mali yake, na nchi ikawa chini ya Serikali ya Uingereza. Hivyo mtu aliyelifundisha taifa lake ya kuwa noti ni ahadi, alikuwa mkuu wa kampuni iliyovunja ahadi yake kwa watu maskini. Hatuwezi kulificha jambo hili kwa sababu ya wema wake mwingine.

Mwaka 1799 chama cha misioni cha C.M.S. kilipoanzishwa London, Thornton akawa mtunza hazina wake wa kwanza. Na mwaka 1804 akachaguliwa kazi iyo hiyo katika Chama cha Biblia. Wamisionari wa kwanza wa C.M.S., Renner na Hartwig, waliokwenda Afrika ya Magharibi mwaka 1804, walikuwa Walutheri wa Ujerumani. Na chama hicho ndicho kilichomtuma Krapf, Mlutheri wa Württemberg, aliyefika Mombasa mwaka 1844.

Thornton alifariki tarehe 16 Januari 1815 katika nyumba ya Wilberforce, mwenye miaka 54. Mke wake akamfuata mwaka uleule, na watoto wakalelewa na rafiki zao. Mwaka 1825 hofu ikashika London tena, na benki iliyokuwa na jina la Thornton ikaanguka. Jina jema la marehemu halikuweza kuitegemeza.

Nasi tulio na sanduku la sadaka na daftari ya usharika mikononi mwetu, tunayo ya kujifunza kwake. Hesabu zilizo safi ni jambo jema. Lakini deni la neno tulilowaahidi wanyonge nalo ni deni, na lazima lilipwe.