Kandt: daktari aliyeacha jina lake msituni

Sisi tuliorudi Kigali kutoka Goma, Bujumbura na Kampala tunamjua Richard Kandt kwa nyumba yake ya Nyarugenge, ambayo leo ni makumbusho. Wiki hii naomba tumtazame kwa upande mwingine, ule wa msituni.

Kandt alizaliwa mwaka 1867 huko Posen, mji ulioko Poland siku hizi. Alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, kisha akashikwa na swali la chanzo cha mto Nile. Mwaka 1898 aliingia msitu wa Nyungwe, akaufuata mto Rukarara hadi unapoanzia. Baadaye aliishi miaka kadhaa karibu na ziwa Kivu, akikusanya mimea na wanyama kwa ajili ya wataalamu wa kwao. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilimfanya mwakilishi wake wa kwanza nchini, naye akachagua Kigali. Mji ukaanzia hapo. Vita vya 1914 vilimkuta likizoni Ulaya, hakurudi tena. Alifariki Nuremberg mwaka 1918.

Jina lake lilibaki kwa kima wa dhahabu, ambaye wataalamu walimwita kwa jina la Kandt mwaka 1905. Mgongo wake unang'aa rangi ya machungwa, na chakula anachokipenda ni mianzi. Mvua zikinyesha, machipukizi yanatoka ardhini, na makundi ya kima huyafuata. Basi wenye kutaka kuwaona wangoje itumba au umuhindo, waingie na mwongoza wageni wa hifadhi.

Wafanyabiashara mnaovuka Cyanika mnapita chini ya makazi yao. Kima hao wako Rwanda, Uganda na Kongo, wala hawaulizwi kibali mpakani.

Wako pia Gishwati, na hapo habari inatugusa sisi. Baada ya 1994 tuliorudi tulihitaji ardhi, na msitu uliokuwa umeshapungua ukakatwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta zipatazo 600, na mvua zikawa zinaporomosha udongo juu ya mashamba yale yale. Mwaka 2015 Gishwati na Mukura zilifanywa hifadhi ya taifa, na miti inarudishwa.

Nyumba ya Kandt inatunzwa vizuri. Naomba kima wake naye abakiziwe mianzi yake.