Sheikh Kaluta Amri Abedi: Meya Aliyeutungia Ushairi Sheria

Katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, Kiswahili ndiyo lugha inayomkutanisha Mgusii na wageni wanaofika kuuza na kununua. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kiswahili atokaye huku bara huambiwa mara kwa mara kwamba ushairi una wenyewe, nao wako pwani. Maisha ya marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi yanatupa sababu ya kulichunguza upya dai hilo.

Amri Abedi alizaliwa mwaka 1924 huko Ujiji, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha misafara ya biashara, na Kiswahili kilikuwa kimeota mizizi pale tangu karne ya 19. Alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, ambako Julius Nyerere pia alipata elimu. Akiwa Tabora alijiunga na jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, akawa mhubiri wake. Alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyosimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad na kuchapishwa mwaka 1953. Baadaye alikwenda Pakistan kuendelea na masomo ya dini.

Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake kinachofahamika kwa kila msomi wa fasihi yetu, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kabla ya hapo, kanuni za vina, mizani na vituo zilikaa zaidi vinywani na masikioni mwa malenga. Atakaye kuzijua sharti akae karibu nao. Amri alizikusanya, akazieleza kwa lugha nyepesi, kisha akaambatanisha tungo zake mwenyewe ziwe mifano. Msingi wa hoja yake ulikuwa kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halijatimia.

Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa Meya wa Dar es Salaam, Mwafrika wa kwanza kushika wadhifa huo katika mji ambao wakoloni walikuwa wameugawa kwa misingi ya rangi. Tanganyika ilipopata uhuru, alitumikia pia akiwa mbunge, Mkuu wa Mkoa, na kuanzia mwaka 1963, Waziri wa Sheria. Mwaka 1964 alikabidhiwa wizara iliyoshughulikia maendeleo na utamaduni wa taifa. Hakukaa sana. Alifariki dunia tarehe 9 Oktoba 1964 katika Ujerumani Magharibi, akiwa na umri wa miaka 40 hivi.

Miaka kumi baadaye ulizuka mgogoro mkali wa ushairi. *Mashairi ya Kisasa* (1973) ya Kahigi na Mulokozi, na *Kichomi* (1974) cha Kezilahabi, yaliwagawa wasomaji, na kitabu cha Amri kikawa ngao ya wanamapokeo. Tangu hapo wengi wamemwona kuwa mlinzi wa lango, aliyekusudia kuwazuia wengine wasiingie. Maoni hayo yanamwonea. Mtu anayeficha ufunguo haandiki kitabu cha kueleza jinsi mlango unavyofunguliwa. Tunaweza kuukataa ukali wa baadhi ya kanuni zake, na mwandishi wa makala haya ni mmoja wa wanaosoma mashairi huru kwa furaha, lakini ni haki tukiri kwamba kitabu hicho kiliuwezesha ushairi kufundishwa darasani, mbali na pwani.

Leo jina lake hutajwa zaidi na mashabiki wa kandanda, kwa kuwa uwanja wa michezo wa Arusha umepewa jina lake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni jingine kwake. Mzawa wa Ujiji aliithibitishia Afrika Mashariki kwamba lugha ni ya anayeitumikia. Tunapohesabu mizani hapa Kisii, tunaitumia haki aliyotuachia. Na hata anayezivunja kanuni hizo kwa makusudi, amejua avunje nini kwa kuwa Amri aliziandika.