Marie Curie na mawe ya Shinkolobwe

Hapa Likasi, mutu akiumwa mugongo kwa muda murefu, munganga anamutuma kwanza apigwe radio. Picha hiyo inaweza kuonyesha uvimbe ndani ya mufupa wa uti wa mugongo. Si kila uvimbe ni kansere. Kuna ule usiosambaa mu mwili, lakini ukikandamiza mishipa ya fahamu unaweza kulemaza miguu. Miale inauonyesha, na mara ingine inautibu. Katika historia ya miale hiyo kuna mwanamuke ambaye hakukanyaga Katanga, lakini mawe ya Katanga yalibadilisha kazi yake.

Maria Skłodowska alizaliwa Warsaw mu 1867. Iniversite ya kule haikupokea wanawake, basi mu 1891 akaenda Paris. Aliolewa na Pierre Curie, na mu 1898 wakavumbua radiumu. Ili apate punje yake ndogo tu, alichemsha mawe tani kwa tani ndani ya kibanda chenye kuvuja. Alipata zawadi ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911. Pierre alikuwa amekufa mu 1906, amekanyagwa na gari la farasi.

Vita ya 1914 ilipoanza, alipakia mashini za radio mu magari, akazipeleka karibu na mapigano pamoja na binti yake Irène, mwenye miaka 17. Wanganga wakaona mufupa uliovunjika na vipande vya bombe mbele ya kupasua.

Radiumu ilikuwa bei kali: mu 1921 wanawake wa Marekani walichanga dola 100.000 ili wamupe gramu moja tu. Mwaka huohuo uchimbaji ulianza Shinkolobwe, kilometa 20 hivi kutoka Likasi. Mawe yake yalijaa uraniumu. Kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kikatoa radiumu kuanzia 1922, bei ikashuka, hospitali nyingi zaidi zikaweza kutibia vivimbe. Wachimbaji walioyabeba mawe hayo hawakupata zawadi yoyote.

Leo mashini zimechukua nafasi ya radiumu. Uvimbe wa mishipa ya damu ndani ya uti wa mugongo mara nyingi unaachwa tu. Ukileta maumivu makali, unaweza kutibiwa kwa miale ao kwa kupasuliwa.

Marie alizoea kubeba radiumu mu mufuko wa nguo. Alikufa tarehe 4 Julai 1934, mwili wake ukiwa hauwezi tena kutengeneza damu. Daftari zake zinachungwa mpaka leo ndani ya masanduku ya madini ya risasi.