Alexander Mackay na Herufi za Mbao

Wanafunzi wa Kiswahili huwafahamu vyema Krapf na Steere. Alexander Mackay hutajwa kwa nadra, pengine kwa sababu matunda makuu ya uchapaji wake yalikuwa ya Kiganda. Hata hivyo, atakayeandika historia ya kusoma na kuandika katika eneo la Maziwa Makuu hana budi kupitia karakana yake.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, Uskoti, akiwa mwana wa kasisi. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin akisanifu mashine. Mwaka 1875 Stanley aliandika gazetini kwamba Kabaka Muteesa wa Buganda alikuwa tayari kuwapokea walimu wa Kikristo. Mackay akajitolea kwa Church Missionary Society, akawasili Unguja mwaka 1876, na mwaka uliofuata akasimamia utengenezaji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa.

Namna yake ya kufikiri ilidhihirika ziwani mwaka 1878. Mashua yao, Daisy, ilivunjwavunjwa na mawimbi, nao walikuwa mbali na karakana yoyote. Wakakikata na kukiondoa kipande chote cha katikati, wakaziunganisha omo na tezi, na kwa mbao za kipande hicho wakaziba palipobomoka. Mashua ilitoka fupi, lakini iliwafikisha Buganda mwezi Novemba. Msomaji aliyepita Kainuk, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, akaona watu wakitembea kwa akala zilizokatwa kutoka tairi kuukuu, ataitambua mara moja akili hiyo.

Barazani kwa Muteesa Kiswahili kilieleweka, kwa kuwa wafanyabiashara wa pwani walikuwa wametangulia. Mackay alianza kufundisha kwa lugha hiyo, akitumia tafsiri zilizotoka Unguja kwa Steere. Lakini nje ya baraza wengi hawakuijua, naye akageukia Kiganda. Akachonga herufi kubwa za mbao kwa mikono yake mwenyewe, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Mashine hiyo ndogo haikuwa kama bomba la kisima alilolitengeneza baadaye, ambalo watu walilitazama wakistaajabia maji yapandayo. Karatasi ilimdai mwanafunzi aishike, aunganishe silabi, aitamke, kisha amfundishe mwenzake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo Kiswahili kilipotumika kama daraja, na wapitaji wakaliacha nyuma.

Mama yake Kabaka alipofariki mwaka 1882, Mackay ndiye aliyeamriwa kuunda majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na shaba ikapatikana kwa kufuliwa masinia na vyombo vya ikulu. Akaitwa Mzungu wa Kazi.

Sifa hiyo haikuwakinga wanafunzi wake. Mwanga alitawazwa mwaka 1884. Wakati huo Wakristo wa Buganda waliitwa wasomaji, yaani karatasi zile zilikuwa zimewapa jina, na jina hilo likawa hatari. Mnamo Januari 1885 vijana watatu wa misheni, mmoja wao Lugalama, waliteswa na kuchomwa moto. Mackay aliomba waachiliwe, asisikilizwe. Mwaka uliofuata wengi zaidi waliuawa, Waanglikana na Wakatoliki, hasa Namugongo. Yeye mwenyewe hakuguswa. Wasifu wake nyingi hulieleza jambo hili kwa haraka mno: Kabaka alimhitaji fundi, akawaogopa wale ambao kazi ya fundi huyo ilikuwa imewafumbua macho. Mackay aliendelea kuchapa, na wasomaji waliendelea kuja, wakati mwingine usiku.

Mwezi Julai 1887 alilazimika kuondoka. Alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa, pamoja na mashine yake ya kuchapia, akaendelea na tafsiri za Kiganda. Stanley alimkuta huko mwaka 1889, akiwa katikati ya vyuma vya mashua ya mvuke aliyokuwa akiiunda. Homa ilimuua tarehe 8 Februari 1890, mashua ikiwa haijakamilika. Mabaki yake yalihamishiwa Namirembe mwaka 1927.