Historia: Henry Fielding, mwandishi wa hadithi aliyewapa London walinzi wa usalama

Wakaaji wa Masisi na Walikale wanajua uzito wa swali hili: mtu anayesema analinda raia, analipwa na nani? Kwenye barabara za wilaya hizo mbili, mchuuzi anayetoka sokoni hukuta vizuizi na kudaiwa pesa mbele ya kupita. Zaidi ya miaka 270 iliyopita, swali hilo lilisumbua pia mji wa London, katika Uingereza. Mmoja wa waliotafuta jibu hakuwa askari. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya hadithi, Henry Fielding.

Fielding alizaliwa tarehe 22 Aprili 1707 katika jimbo la Somerset. Akiwa kijana aliandika michezo ya kuigiza iliyowacheka wakubwa wa serikali. Mwaka wa 1737 sheria mpya ililazimisha michezo yote kuchunguzwa mbele ya kuonyeshwa, na kazi yake ikakatika. Alianza kusoma sheria, akawa avoka mwaka wa 1740. Hakuacha kalamu: kitabu chake kinachojulikana zaidi, Tom Jones, kilitoka mwaka wa 1749.

Kitabu chake kingine, cha mwaka wa 1743, kilimhusu Jonathan Wild. Huyo alijulikana kama mkamata wezi, kumbe ndiye aliyewaongoza. Alinyongwa mwaka wa 1725.

Mwaka wa 1748 Fielding aliwekwa kuwa hakimu wa Westminster, akafanya kazi katika nyumba aliyoishi, kwenye barabara ya Bow Street. London haikuwa na polisi ya serikali. Mitaa ilitegemea walinzi wa usiku, wengi wao wazee. Serikali iliahidi zawadi ya paundi 40 kwa anayesaidia kumhukumu mnyang'anyi wa barabarani. Kwa tamaa ya pesa hizo, watu wengine walisingizia wasio na kosa.

Mahakimu nao waliishi kwa malipo waliyotoza watu walioletwa mbele yao. Ugomvi ukiongezeka, mfuko ulijaa. Fielding alipatanisha wagomvi na kukataa kuchukua senti ya mwisho ya maskini. Kwa hesabu yake mwenyewe, mapato ya kazi hiyo yalishuka kutoka karibu paundi 500 kwa mwaka mpaka 300 hivi.

Kwenye mwisho wa 1749 ao mwanzo wa 1750, akisaidiwa na Saunders Welch, alichagua wanaume karibu sita waliojua kazi ya ulinzi. Walitoka Bow Street kufuata wezi mara tu habari ilipofika. Mwaka wa 1752 alitumia gazeti lake kuomba walioibiwa wapeleke habari kwake haraka.

Mwaka wa 1753 vikundi vya wauaji vilitisha mji. Serikali ilimwomba mpango, naye akaomba paundi 600. Alipopewa 200 za kwanza, vikundi hivyo vilivunjwa ao kukimbia kwa muda mfupi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa sana. Alisafiri kwenda Lisbon, katika Ureno, kutafuta nafuu, akafa huko tarehe 8 Oktoba 1754, akiwa na miaka 47.

Ndugu yake John, aliyekuwa kipofu, aliendelea na kazi ya Bow Street mpaka alipokufa mwaka wa 1780. Hata hivyo, wanaume wa Bow Street waliendelea kutegemea zawadi na malipo ya watu waliowaita, na aliye maskini hakuwa na cha kuwapa. London ilipata polisi kubwa ya serikali, yenye kulipwa mshahara kila juma, mwaka wa 1829, miaka 75 kisha kifo cha Fielding.