Tom Kilburn: mutu aliyefundisha ordinatere kupanga memoare yake

Unamaliza kutumia aplikasio, unaifunga, kisha unaangalia memoare ya telefone ao ya ordinatere: ingali karibu kujaa. Wengi wetu tunaona kwamba masini imeharibika. Wengine wanatia programu za kusafisha memoare, wengine wanaanza kutafuta pesa ya telefone ingine. Mara nyingi hakuna kitu kimeharibika. Masini inafuata tu kazi ambayo Tom Kilburn na wenzake walianzisha kule Manchester, zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Kilburn alizaliwa tarehe 11 Mwezi wa 8, 1921, katika muji wa Dewsbury, kaskazini mwa Uingereza. Alisoma hesabu kwenye Universite ya Cambridge, akamaliza katika mwaka wa 1942, wakati vita inawaka. Akatumwa Malvern, kwenye kituo cha serikali cha utafiti wa radar, na kule akatumika chini ya Freddie Williams, fundi mukubwa wa elektronike. Mwisho wa mwaka wa 1946 Williams akaitwa kufundisha kwenye Universite ya Manchester. Kilburn akamufuata.

Masini za kuhesabu za wakati ule zilikuwa na shida moja: hazikuwa na pahali pazuri pa kuweka programu na namba kwa pamoja. Wale wawili wakachukua kioo cha radar, chenye kufanana na kile cha televizyo ya zamani, na wakaandika alama za umeme juu yake. Lakini zile alama zilikuwa zinafutika mbele hata sekonde moja haijaisha. Kwa hiyo walitengeneza masini isome kila alama na kuiandika upya, tena na tena. Hata leo memoare ya telefone yako inatumika vile: umeme wake unavuja, ni lazima uandikwe upya kila mara. Ndiyo sababu ukizima telefone, kila kitu kilichokuwa ndani ya ile memoare kinapotea.

Tarehe 21 Mwezi wa 6, 1948, masini yao ndogo, iliyoitwa Baby, ilitumikisha programu yake ya kwanza. Ilichukua dakika 52. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ordinatere ya elektronike kufuata programu iliyowekwa ndani ya memoare yake yenyewe. Kilburn, ambaye aliandika ile programu, alikuwa na miaka 26. Memoare yote ya Baby ilikuwa na alama 1 024 tu, haifikie hata ujumbe mumoja wa SMS. Kutokana na ile kazi, kampuni ya Ferranti ikatengeneza ordinatere ya kuuzisha, na ya kwanza ikafika Universite ya Manchester mwanzoni mwa 1951.

Nyuma ya pale Williams akarudia kazi ingine za umeme, na Kilburn ndiye akabaki kuongoza. Shida ingine ikamungojea. Memoare yenye mbio ilikuwa ndogo na ya bei kali. Vitu vingi vilikaa kwenye ngoma ya sumaku, kubwa lakini ya polepole. Mwenye kuandika programu alipaswa kupanga yeye mwenyewe: hiki kiingie sasa, hiki kirudi kwenye ngoma. Mutu alipoteza siku nyingi juu ya kuhamisha vitu, na akikosea, kazi yote inaharibika.

Fikiria muuzaji wa soko. Meza yake ni ndogo, na depo iko mbali kidogo. Kilburn na timu yake walitaka muuzaji aone meza na depo kama pahali pamoja tu. Aite kitu, kije. Kazi ya kupeleka na kurudisha iachiwe masini.

Ile ordinatere iliitwa Atlas, na ilizinduliwa Manchester tarehe 7 Mwezi wa 12, 1962. Memoare yake ya mbio iligawanywa katika sehemu 32 zenye ukubwa mumoja, zinazoitwa kurasa. Programu ikiomba ukurasa ambao hauko, Atlas inauleta kutoka kwenye ngoma. Kila mara ilijaribu kuacha nafasi moja wazi, ili mugeni akifika asingoje. Kisha ilichunguza ni ukurasa gani hautumikishwe tangu siku nyingi, na inakisia ni upi hautahitajika kwa muda murefu zaidi. Ule ndio unarudishwa depo. Tena kulikuwa kufuli: programu moja haikuweza kuingia katika kurasa za programu ingine. Sisteme za leo, za ordinatere na za telefone, bado zinatumia hizi kurasa.

Sasa turudie aplikasio yako. Ukiifunga kabisa, kurasa zake yenyewe zinarudishwa kwa sisteme, na zinafutwa mbele ya kupewa programu ingine, ili siri zako zisisomwe. Lakini vitu ilivyosoma kwenye disiki, sisteme inaweza kuviacha pale pale. Juu ya nini? Sababu muteja anaweza kurudi. Muuzaji mwenye akili haondoe unga kwenye meza eti muteja mumoja ameenda. Anauondoa wakati anahitaji nafasi ya kitu kingine. Memoare isiyokuwa na kitu haisaidie mutu. Kwenye telefone, ukitoka tu ndani ya aplikasio bila kuifunga, mara nyingi inabaki pale imesinzia. Ukiiondoa kila mara, telefone itaianzisha upya kutoka mwanzo, na inaweza kula batri zaidi. Kama masini inakuwa nzito kweli kweli, ao aplikasio moja inakula memoare bila kuiachilia, pale ndipo kuna sababu ya kuifunga.

Kilburn hakuishia kwa Atlas. Katika mwaka wa 1964 alianzisha pale Manchester kitengo cha kwanza cha universite cha sayansi ya ordinatere katika Uingereza. Alikuwa mupenzi wa Manchester United: alikuwa akienda likizo Blackpool pamoja na familia, lakini alirudi kila mara mbele ya mechi ya kwanza ya musimu. Alistaafu katika 1981, mwaka ule ule alipofiwa na bibi yake, Irene. Katika 1998, miaka 50 baada ya ile programu ya kwanza, alizindua Baby iliyojengwa upya. Alikufa Manchester tarehe 17 Mwezi wa 1, 2001, akiwa na miaka 79.

Memoare ya mbio ya Atlas yote haikufikia kilobayti 100. Telefone ya kawaida yenye giga 2 inashinda ile mara zaidi ya 20 000. Mbele ya kuuzisha yako juu memoare imejaa, fungua kwanza aplikasio uliyotoka kufunga. Kama inafunguka haraka kuliko mara ya kwanza, meza ingali imepangwa vizuri.