Ruth Graves Wakefield

Ruth Graves Wakefield (East Walpole, Massachusetts, 17 Juni 1903 – Plymouth, Massachusetts, 10 Januari 1977) alikuwa mpishi, mtaalamu wa lishe na mwandishi wa mapishi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni biskuti zenye vipande vya chokoleti. Kutokana na biskuti hizo zimezaliwa aina nyingi zinazookwa majumbani leo, zikiwemo zile zinazojazwa chokoleti yenye ladha ya mnanaa.

Maisha ya awali

Ruth alizaliwa na kukulia katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alisoma sayansi ya mambo ya nyumbani katika chuo cha ualimu cha Framingham, akahitimu mwaka 1924. Baada ya hapo alifanya kazi kama mtaalamu wa lishe na kutoa mihadhara kuhusu vyakula. Aliolewa na Kenneth Wakefield, wakapata watoto wawili.

Elimu hiyo haitajwi sana na wanaosimulia habari zake, ingawa ndiyo inayoeleza mengi ya yaliyofuata. Ruth hakuwa mama wa nyumbani aliyeingia jikoni kujaribu bahati. Alijifunza upishi kama taaluma, kwa vipimo na kwa kuelewa kila kiungo kinafanya kazi gani.

Nyumba ya wageni ya Toll House

Mwaka 1930, wakati uchumi wa Marekani ulikuwa unaporomoka, Ruth na mumewe walinunua nyumba ya zamani katika mji wa Whitman, kwenye barabara kati ya Boston na New Bedford. Waliigeuza kuwa nyumba ya wageni na mkahawa, wakaiita Toll House Inn. Jina hilo lina maana ya nyumba ya kulipia ushuru wa barabara. Ilisemekana kwamba hapo zamani wasafiri walisimama kulipa, kubadilisha farasi na kula. Kibao cha nje kilitaja mwaka 1709, lakini jengo lenyewe lilijengwa mwaka 1817 na halikuwahi kuwa kituo cha ushuru. Ilikuwa hadithi nzuri ya kuvutia wateja, na si ya mwisho katika historia ya nyumba hiyo.

Mumewe alishughulika na uendeshaji wa biashara, naye Ruth akashika jiko. Mkahawa ulianza na meza chache ukakua haraka, ukajulikana kwa vyakula vya kambakoche na zaidi kwa vitamutamu. Mapishi yake aliyakusanya katika kitabu kiitwacho Toll House Tried and True Recipes, kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapishwa tena mara nyingi.

Biskuti za chokoleti

Kabla ya biskuti hiyo mpya, mkahawa ulikuwa ukiwapa wateja biskuti nyembamba za njugu pamoja na aiskrimu. Zilipendwa sana, lakini Ruth alitaka kitu tofauti. Akisaidiana na mpishi wake wa vitamutamu, Sue Brides, alikatakata chokoleti ya Nestlé isiyo tamu sana na kuichanganya na donge la siagi, sukari nyeupe, sukari ya kahawia, mayai, unga wa ngano, bikaboneti ya soda, chumvi, vanila na njugu. Vipande vilikuwa vidogo, kiasi cha punje ya njegere. Ndani ya oveni vililainika bila kuyeyukia kwenye donge, na biskuti zilipotoka kila kipande kilikuwa mahali pake. Mapishi hayo yalitokea katika toleo la mwaka 1938 la kitabu chake.

Biskuti zake hazikufanana sana na zile kubwa na laini zinazouzwa leo. Zilikuwa ndogo, za rangi ya kahawia na zenye kukatika kwa mlio. Mapishi moja yalitoa biskuti zipatazo 100, zikiokwa kwa dakika 10 hadi 12 katika joto la takriban nyuzi 190 za Selsiasi. Jikoni kwake donge lililazwa mahali pa baridi usiku kucha. Siku iliyofuata lilifinyangwa kuwa viduara na kubonyezwa kwa vidole, ili biskuti zisitandae ovyo kwenye trei.

Je, ilikuwa bahati?

Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba biskuti hiyo ilitokea kwa makosa. Wengine husema Ruth aliishiwa chokoleti ya kuokea, akavunja ya kawaida akitumaini itayeyuka na kusambaa kwenye donge lote. Wengine husema mashine ya kukorogea ilitikisa rafu mpaka chokoleti ikadondokea ndani ya bakuli.

Hadithi zote mbili ni dhaifu. Anayetaka donge lote liwe la chokoleti huiyeyusha kwanza, na mtu aliyesomea upishi na kulisha wateja kila siku alilijua hilo. Tena, mkahawa wenye sifa kwa vitamutamu vyake ni vigumu kuishiwa viungo vya kawaida namna hiyo. Ruth mwenyewe alieleza kwamba alikuwa akijaribu kwa makusudi kupata biskuti mpya. Hata hivyo hadithi ya ajali imeenea kuliko maelezo yake, labda kwa kuwa ni fupi na inachekesha. Gharama yake ni kwamba kazi ya mwanamke mwenye taaluma imehesabiwa kuwa kudra ya rafu iliyotikisika.

Mkataba na Nestlé

Mapishi yalichapishwa katika magazeti, na mwaka 1939 yakatangazwa katika kipindi cha redio cha Betty Crocker, ambaye si mtu halisi bali ni jina la kibiashara lililobuniwa na kampuni ya unga. Mauzo ya chokoleti ya Nestlé yaliongezeka, na mwaka huohuo Ruth aliipa kampuni hiyo haki ya kutumia mapishi yake na jina la Toll House. Inasimuliwa kwamba malipo yalikuwa dola 1, ambayo baadaye alisema hakuipata, pamoja na chokoleti ya bure na kazi ya ushauri.

Kampuni ilianza kwa kuweka mistari kwenye chokoleti ili iwe rahisi kuivunja, kisha ikatengeneza vipande vidogo tayari. Mapishi ya Ruth yalichapwa kwenye pakiti, na namna yake bado huchapwa hadi leo. Hivyo watu wengi walijifunza mapishi hayo kutoka kwenye pakiti bila kulifahamu jina la Wakefield. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wanajeshi kutoka Massachusetts walitumiwa biskuti hizo na ndugu zao, wakagawana na wenzao wa majimbo mengine, nao wakaandika nyumbani kuomba za kwao.

Mnanaa na aina nyingine

Donge la Ruth ni rahisi kubadilishwa. Mojawapo ya mabadiliko yanayopendwa ni kuweka kipande cha chokoleti ya mnanaa katikati ya viduara viwili vya donge na kuziba kingo kabla ya kuoka. Mentoli iliyomo kwenye mnanaa huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, kwa hiyo mlaji huona ubaridi mdomoni hata biskuti ikiwa ya moto. Mafuta ya mnanaa ni makali, na matone machache yakizidi biskuti huonja kama dawa ya meno. Hapa desturi ya Toll House ya kulaza donge kwenye baridi ina faida zaidi: siagi iliyoganda huchelewa kuyeyuka, donge hushika umbo, na chokoleti ya ndani haivujii kwenye trei.

Miaka ya mwisho

Ruth na Kenneth waliiuza nyumba ya wageni katika miaka ya 1960. Ruth alifariki mjini Plymouth tarehe 10 Januari 1977, akiwa na umri wa miaka 73. Jengo liliteketea kwa moto usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1985, kikabaki kibao chenye mwaka 1709. Mwaka 1997 jimbo la Massachusetts liliifanya biskuti yake kuwa biskuti rasmi ya jimbo. Gazeti la The New York Times lilichapisha taazia yake mwaka 2018, katika mfululizo wa watu ambao vifo vyao halikuvitangaza kwa wakati wake.